Marian Anderson na Kipimo cha Mwimbaji

Jina la Marian Anderson likitajwa, watu wengi hukumbuka siku moja tu. Ni tarehe 9 Aprili 1939, Jumapili ya Pasaka, aliposimama juu ya ngazi za jengo la ukumbusho wa Lincoln mjini Washington akaimba mbele ya watu wapatao 75,000, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Siku hiyo yastahili kukumbukwa. Walakini, mtu aliyeimba zaidi ya miaka 40 akikumbukwa kwa alasiri moja, hapana budi tuulize kama tumemheshimu au tumempunguza.

Makala haya yana nia ya kumpima Marian Anderson kama apimwavyo fundi yeyote, yaani kwa kazi yake. Madai yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba ukuu wake ulikuwa katika wimbo wa sanaa, na ya kuwa ukuu huo ulitokana na kazi ya lugha kama ulivyotokana na koo. La pili ni kwamba kuingia kwake katika opera mwaka 1955, ambako husimuliwa kuwa ndiko kilele cha maisha yake, kwa upande wa sanaa hakukuwa kilele. Kulikuwa ni ushahidi wa hasara iliyokwisha kutokea.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano bora wa maisha ya mwimbaji katika Wasifu wa Siti binti Saad alioandika Shaaban Robert. Nia ya kitabu kile ni kutuonyesha mtu wa kuigwa, aliyezaliwa katika umaskini, akavumilia dharau, akainuka kwa bidii na mwenendo mwema. Kwa wasifu, hiyo ni nia halali. Lakini wasifu na uhakiki ni kazi mbili. Mwandishi wa wasifu auliza: mtu huyu aliishije? Mhakiki auliza: aliimba nini, aliimbaje, na kwa nini tuendelee kumsikiliza? Kwa habari ya Marian Anderson swali la kwanza limejibiwa mara nyingi na kwa ukamilifu. La pili aghalabu hujibiwa kwa sifa za jumla, kana kwamba kumpima kwa mizani kali ni kumkosea adabu mtu aliyekwisha kuteswa. Mimi naona kinyume chake. Kumsifu mtu bila kumsikiliza ni namna nyingine ya kumnyima nafasi.

Yafaa kwanza tutenganishe aina mbili za uimbaji. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao mazungumzo yake huimbwa. Mwimbaji huvaa mavazi ya mhusika mmoja, akasaidiwa na mapazia, taa, waimbaji wenzake na okestra nzima. Wimbo wa sanaa ni shairi la mshairi fulani ambalo mtunzi wa muziki amelitilia mahadhi kwa sauti moja na piano. Mwimbaji wake husimama peke yake, hana vazi la mhusika wala pazia. Katika dakika tatu au nne huwa baba, mtoto, msimulizi na mauti, kisha wimbo ukaisha, akaanza mwingine. Mtu aliyezoea kusikia utenzi ukighaniwa ataelewa upesi jambo lenyewe: msikilizaji amekuja kusikia maneno, na sauti ni chombo cha kuyafikisha. Sauti nzuri isiyojua maneno yake hufichuka mara moja.

Marian Anderson alifichuka hivyo, na habari ya kufichuka kwake ndiyo ufunguo wa kazi yake yote. Alizaliwa Philadelphia tarehe 27 Februari 1897. Baba yake, ambaye aliuza barafu na makaa, alifariki binti akiwa bado mdogo, na mama akawalea mabinti watatu kwa kazi za kufua na kusafisha. Sauti yake ilijulikana mapema katika kwaya ya kanisa la Union Baptist, na waumini wa kanisa hilo wakachanga fedha ili apate kufundishwa. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo kimoja cha muziki cha mjini, alifukuzwa dirishani kwa sababu ya rangi yake. Ndipo akafundishwa na walimu wa faragha, mmojawapo akiwa Giuseppe Boghetti, aliyemfundisha kutawala pumzi na kumpa nyimbo za Kiitaliano na za Kijerumani.

Mwaka 1924 aliimba katika ukumbi wa Town Hall mjini New York. Watu waliohudhuria walikuwa wachache, na wahakiki hawakuridhika. Waliisifu sauti, lakini nyimbo za Brahms waliona amezikariri kama mtu asemaye maneno asiyoyajua. Alivunjika moyo kiasi cha kuacha masomo kwa muda na kufikiri kuacha uimbaji kabisa. Mtu wa kumtetea aweza kusema wahakiki wale walikuwa na chuki. Huenda wengine walikuwa nayo. Lakini kasoro yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwimbaji kijana alikuwa na sauti ya kontralto, yaani sauti ya kike iliyo nzito kuliko zote, yenye upana wa ajabu, na hakuwa na Kijerumani. Mwaka uliofuata aliwashinda waimbaji wapatao 300 katika mashindano, akaimba pamoja na okestra ya New York Philharmonic katika uwanja wa Lewisohn; hata hivyo, ushindi ule haukumpa kile alichokikosa Town Hall.

Dawa aliyoichagua ndiyo inayomtofautisha na waimbaji wengi wenye sauti nzuri. Alikwenda Ulaya, kwanza Uingereza, kisha, mwaka 1930, Ujerumani kwa msaada wa mfuko wa Rosenwald, akaishi katika nyumba ya Wajerumani ili aisikie lugha hiyo ikisemwa mezani na barabarani, si darasani tu. Mbele yake alikuwapo Roland Hayes, mwimbaji mweusi wa sauti ya tenori, ambaye alikwisha kuthibitisha huko Ulaya kwamba Mmarekani mweusi aweza kuimba nyimbo za Schubert mbele ya wenyewe wakaridhika. Njia hiyo Anderson aliifuata, akaipanua. Katika nchi za Kaskazini, akiwa na mpiga piano Kosti Vehanen wa Finland, aliimba zaidi ya mara 100 katika msimu mmoja wa 1933 hadi 1934, akajifunza na nyimbo za lugha za nchi hizo. Alipomwimbia Jean Sibelius nyumbani kwake, mzee huyo alimwambia kwamba dari ya nyumba yake ni fupi mno kwa sauti ile. Watu hulisimulia neno hilo kama sifa ya ukubwa wa sauti. Nami naongeza kwamba Sibelius alikuwa akisikiliza nyimbo zake mwenyewe, na mtunzi hafurahii ukubwa wa sauti ikiwa maneno yameharibika.

Tuziangalie sasa nyimbo mbili za Franz Schubert ambazo Anderson aliziimba miaka mingi na kuzitia katika santuri. Ya kwanza ni Der Erlkönig, ambayo Schubert aliitunga mwaka 1815 kwa shairi la Goethe. Baba ampeleka mwanawe mgonjwa usiku juu ya farasi, mtoto amwona mfalme wa mizimu akimwita, baba hamwoni. Ndani ya wimbo mna wasemaji wanne: msimulizi, baba, mtoto na mzimu. Piano yaiga mbio za farasi bila kupumzika. Mara tatu mtoto alia, na kila mara kilio chapanda juu kuliko cha kwanza. Hapa mwimbaji mwenye sauti nzuri tu hushindwa, maana wasemaji wanne huwa mmoja. Anderson alikuwa na sauti ambazo twaweza kuziita tabaka mbalimbali: ile ya kifuani, nzito kama ya kiume, na ile ya juu, nyepesi na angavu. Baba alimwekea ya chini, mtoto ya juu iliyobanwa, na mzimu akamlainishia sauti hata ikawa tamu. Utamu huo ndio unaotisha. Ingekuwa ameukaliza mzimu, tungekuwa na hofu ya kitoto. Alipoubembeleza, tunafahamu kwa nini mtoto ashindwa kuukimbia.

Wapo wahakiki waliosema kwamba mpaka kati ya tabaka hizo za sauti ulisikika wazi mno, na kwamba mwimbaji aliyekamilika huuficha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Katika nyimbo ndefu zenye mstari mmoja wa mahadhi, mathalani zile za Handel, mpaka ule husikika, na wakati mwingine hukata sentensi mahali pasipotakiwa. Lakini katika Der Erlkönig mpaka huohuo ukawa chombo. Fundi ni yule aijuaye kasoro ya mbao yake, akajua ni kiti kipi kitaifaa.

Wimbo wa pili ni Der Tod und das Mädchen, wa mwaka 1817, kwa maneno ya Matthias Claudius. Msichana asihi mauti impite. Mauti yajibu kwa upole. Sehemu ya mauti haina mahadhi ya kupendeza. Karibu noti zote ni zilezile, kama mtu anayesema polepole. Mwishoni mtunzi ameruhusu mwimbaji mwenye uwezo ashuke hadi noti ya chini kabisa, na Anderson alishuka. Waimbaji wengi wa kike hawaifikii. Lakini sikiliza jinsi alivyoifikia: haikuwa ya kujionyesha. Aliiacha itue kama mtu awekaye mzigo chini. Neno la mwisho la shairi ni neno la kulala, na mshuko wa sauti ukawa ndio maana ya neno hilo. Hapa twaona faida ya miaka ile ya kujifunza Kijerumani. Mwimbaji wa 1924 angeweza kuifikia noti. Asingejua kwamba noti hiyo inamaanisha usingizi.

Aliporudi Town Hall tarehe 30 Desemba 1935, mguu wake ulikuwa umevunjika, umefungwa plasta na kufichwa ndani ya gauni refu. Pazia lilifunguliwa akiwa tayari amesimama kando ya piano, na hadhirina hawakuambiwa neno mpaka baadaye. Mwaka huohuo Toscanini alikuwa amemsikia Salzburg, katika onyesho lililokuwa nje ya ratiba rasmi ya tamasha la mji huo, akatamka kwamba sauti kama hiyo husikika mara moja katika miaka mia. Safari hii wahakiki wa New York hawakuwa na la kusema juu ya Kijerumani chake.

Sasa turudi Washington, lakini turudi tukiwa na masikio. Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama kilichomiliki ukumbi wa Constitution, kilikataa asiimbe humo. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alijitoa katika chama hicho, na serikali ikatoa ngazi za ukumbusho. Haya yanajulikana. Lisilotajwa sana ni alichokiimba. Alianza kwa wimbo wa kizalendo. Akafuata kwa wimbo kutoka opera ya Donizetti, La favorita. Kisha Ave Maria ya Schubert. Kisha nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi. Mpangilio huo haukuwa hotuba. Ulikuwa takribani ule aliokuwa akiutumia katika kumbi, yaani wa kawaida wa kazi yake. Hakubadili sanaa yake kwa sababu ya siasa. Aliipeleka nje, mbele ya watu 75,000, kama alivyokuwa akiipeleka ndani mbele ya watu 1,000.

Badiliko lilikuwa dogo, nalo ni la sarufi. Katika wimbo wa kizalendo, pale maandishi yanapotumia nafsi ya kwanza umoja, yeye aliimba nafsi ya kwanza wingi. Mahali pa mimi akaweka sisi. Waliomjua wanasema kwamba hata katika mazungumzo hakupenda kujitaja kwa umoja, kwa kuwa aliona nyuma ya kila wimbo wamo mtunzi, mpiga piano, walimu na mama yake. Kwa hiyo badiliko lile halikuwa la siku moja. Ilikuwa ndiyo desturi ya lugha yake, lakini mahali pale na siku ile, desturi hiyo ilipata maana ambayo hakuna hotuba ingeipata. Mwanafunzi wa lugha na akumbuke kwamba kiambishi kimoja chaweza kubeba dai la taifa zima.

Nyimbo za kiroho nazo zataka neno. Wapo waliozidharau kama nyongeza ya kuwafurahisha watu mwishoni. Wapo pia waliolalamika kwamba Anderson alizisafisha mno, akaziondolea jasho la mashamba. Ukweli ni kwamba aliziimba katika mitindo kama ile ya Harry Burleigh, ambaye alikuwa amezipanga kwa sauti moja na piano, yaani katika umbo lilelile la wimbo wa sanaa. Kwa kuziweka baada ya Schubert na Brahms, kwa uangalifu uleule wa tamko, Anderson alitoa hukumu ya kihakiki: maneno haya ni mashairi, nayo yastahili kazi ileile. Mtu aweza kupenda zaidi nyimbo hizo zikiimbwa na kundi la watu kanisani. Hawezi kusema kwamba Anderson hakujua alichokuwa akifanya.

Tukija kwenye opera, hesabu yabadilika. Metropolitan Opera ya New York ilifunguliwa mwaka 1883, na kwa miaka 71 hakuna mwimbaji mweusi aliyepewa sehemu ya mhusika mkuu katika jukwaa lake. Mkurugenzi wake Rudolf Bing alimwita Anderson, na tarehe 7 Januari 1955 akaimba sehemu ya Ulrica katika Un ballo in maschera ya Verdi, Dimitri Mitropoulos akiongoza okestra. Watu walimshangilia kabla hajafungua kinywa, yeye akitetemeka. Baadaye alikiri kwamba alijitahidi kupita kiasi. Aliimba sehemu hiyo mara chache, wala hakuimba nyingine yoyote ya opera jukwaani.

Lazima tuseme wazi jinsi tukio hilo lilivyokuwa. Ulrica ni mwanamke mpiga ramli ambaye hutokea katika onyesho moja tu. Katika maandishi ya opera yenyewe, hakimu ataka mwanamke huyo afukuzwe nchini, na amtaja kuwa ni wa damu chafu ya watu weusi. Basi mlango wa kwanza uliofunguliwa, ulifunguliwa kwa mhusika ambaye ndani ya mchezo anatukanwa kwa damu yake. Tena wahakiki wa siku zile walidhani mwimbaji alizaliwa mwaka 1902, maana ndivyo alivyokuwa akieleza. Baada ya kufariki kwake cheti cha kuzaliwa kilionyesha 1897. Alikuwa amebakiza wiki chache atimize miaka 58. Sauti haikuwa thabiti tena kama zamani. Waliosikia mtetemeko katika noti ndefu hawakukosea. Walikosea tu kwa kudhani walikuwa wakisikia opera ya Marian Anderson. Hiyo haikupata kusikika na mtu yeyote. Lau angeitwa mwaka 1935, twaweza kumwazia akiimba Orfeo ya Gluck, Dalila ya Saint-Saëns, au Azucena ya Verdi. Hasara hiyo haikurudishwa mwaka 1955, ilitangazwa.

Mtu atanipinga aseme: bila Ulrica ya 1955 tusingempata Robert McFerrin, aliyeimba Amonasro jukwaani hapo wiki tatu baadaye, wala Leontyne Price, aliyepokewa kwa shangwe ndefu katika Il trovatore mwaka 1961. Nakubali kabisa. Kwa historia ya jukwaa, usiku ule ulikuwa na thamani kubwa. Lakini thamani ya tukio na thamani ya uimbaji ni mambo mawili, na tukiyachanganya tutawafundisha wanafunzi wetu kusifu kwa kanuni mbili: moja kwa wasanii wanaojulikana kama wasanii, nyingine kwa wasanii wanaotumiwa kama alama.

Haki yataka niongeze jambo linalopunguza makali ya hoja yangu. Si milango yote iliyofungwa. Alipokuwa Moscow katika miaka ya 1930, Stanislavski alimshauri abaki ajifunze naye Carmen, naye hakukubali, baadaye alisikitika. Aliimba akiwa ametulia, macho yamefumbwa mara nyingi, mikono haichezi. Hiyo ni tabia ya mwimbaji wa wimbo wa sanaa. Huenda jukwaa la opera lingemdai kitu ambacho hakukipenda. Kwa hiyo tusiseme kwamba aliimba nyimbo za Schubert kwa sababu tu alinyimwa Verdi. Wimbo wa sanaa haukuwa kimbilio lake. Ulikuwa makao yake, na alikwisha kuyajenga kwa miaka 20 kabla Bing hajamwita.

Mwaka 1958 serikali yake ilimteua mjumbe katika Umoja wa Mataifa, akakaa katika kamati iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, wakati ambapo Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Mwaka 1964 alianza safari ya kuaga palepale katika ukumbi wa Constitution uliomkataa mwaka 1939, akaimaliza Carnegie Hall tarehe 18 Aprili 1965, siku ya Pasaka. Alifariki tarehe 8 Aprili 1993. Mambo haya yote yana nafasi yake katika wasifu wake, wala sitaki yaondolewe.

Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi, baada ya kusoma habari za ngazi za Washington, atafute santuri ya Der Tod und das Mädchen, akae kimya dakika chache zile, kisha arudie tena. Mwanamke huyu alidhulumiwa alipohukumiwa kwa rangi yake bila kusikilizwa. Tukimsifu leo bila kumsikiliza, tutakuwa tumebadili hukumu tu. Kosa la kutosikiliza litakuwa lilelile.